Bomba la Shaba Nililolikata

Diploma yangu ya mekanike niliitafuta kwa jasho langu Lubumbashi, nikarudi Kindu na kuitundika mlangoni. Papa Ramazani akaniletea jipu lake linalobeba wagonjwa kutoka Kalima, nilitengeneze breki. Wakati wa vita mazuti, yaani dizeli, ilikosekana, akalizoesha kutumia mafuta ya mawese, na mpaka leo halijaacha. Chini yake nikaona bomba la shaba la kupitisha mafuta limezungushwa kwenye ekzosi.

"Papa, hii njo mekanike ao dawa ya kienyeji?" nikamcheka.

"Ni ya wakati ya vita, mwana. Iache vile iko."

Alipokwenda kusali Ijumaa, nililikata, nikaweka la mpira, fupi, safi.

Wiki iliyofuata alimbeba dada yangu Zaina, mwenye uchungu wa kuzaa. Jipu lilizimika msituni, mvua ikinyesha. Zaina alifikishwa hospitali kwa baiskeli. Mtoto alikuwa amekufa. Nikamwambia Zaina jipu limezeeka.

Jana Papa Ramazani alifungua filta ya mafuta mbele yangu na Zaina. Mawese yalikuwa yameganda kama sabuni.

"Bomba ya shaba njo ilikuwa inayapasha moto. Sasa iko imekatwa," alisema.

"Nani aliikata?" Zaina akauliza.

Papa alinigeukia. Aliniangalia tu, akingoja nijibu mwenyewe.