Binti yangu alitafuta "mikoko" maktaba nzima, kumbe neno lilikuwa "boriti"

Wakuu, salamu kwa mliopo na watakaopita baadaye. Hii si chai. Chai nimeshakunywa asubuhi, sasa naandika kilichotokea.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa Marodoka, Nosy Be, kule Madagaska. Mababu walitoka Ngazija. Shule niliacha darasa la tatu, chuo cha Kurani nilimaliza. Kiswahili hiki nilikipata Tanga, nilikofanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha mbao. Kwetu hatuongei Kiswahili, ni Kimalagasi na Kifaransa, na Kingazija ndani ya nyumba. Kwa hiyo maneno ya watu humu nimeyaleta kwa Kiswahili ili muelewe.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa Mahajanga nakata boriti. Yaani miti ya mikoko, ile ya kuezekea nyumba. Nilianza na shoka la kuazima, nikaishia na watu kumi na wawili chini yangu. Shoka lilinichukua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, ndiyo maana watu wote, kuanzia Mahajanga mpaka kwetu, wananiita Efatra. Maana yake Nne.

Nyumba ya mawe niliyonayo imetoka kwenye kazi hiyo. Sikurithi hata msumari.

Sasa tuje kwenye mada.

Binti yangu wa mwisho, Echati, alifika chuo huko huko Mahajanga. Anasoma sayansi ya mazingira. Mwaka wa mwisho wanaandika kitabu kidogo, wao wanakiita memwari. Yeye akachagua kuandika habari za mikoko ya hori moja, mkono wa bahari unaoingia ndani, karibu na mji.

Likizo akaja nyumbani uso umemshuka. Hali hata samaki.

Nikamuuliza, "Umefukuzwa?"

"Bado, Baba."

Hilo "bado" sikulipenda.

Akaeleza. Mwalimu anataka maandishi yanayoonyesha hori lile lilikuwaje zamani, kabla halijawa tope tupu, na limefikaje hapo. Yeye kapeleka vitabu sita. Mwalimu kavirudisha: hivi ni mikoko ya nchi za watu, niletee ya hapa. Kampa wiki mbili. Asipopata, abadilishe mada, na kubadilisha mada wakati ule ni kurudia mwaka.

Nikamwambia, "Hori lile nalijua mti kwa mti. Kaa hapo, uliza."

Akacheka. "Baba, wewe si chanzo."

"Mimi si nini?"

"Chanzo lazima kiwe na mwandishi, mwaka na ukurasa."

Nikamwambia mwandishi ni Mungu, mwaka nimezaliwa nao, na kurasa ni hii mikunjo ya uso. Akacheka tena, ila kalamu hakuishika.

Wakuu, sitawaficha, liliniuma. Mtu umemsomesha kwa boriti halafu anakwambia wewe si chanzo.

Nikafunga begi. Tukavuka bahari mpaka Ankify, tukapanda gari la abiria, siku nzima na zaidi barabarani. Tukafikia Amborovy, pembeni ya Mahajanga, kwa binamu yangu. Asubuhi yake tukaingia maktaba.

Maktaba yenyewe ni ukumbi mmoja, feni inazunguka kama haitaki, meza ndefu, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi cha Nosy Komba kama vile ni redio ya bibi harusi. Mkutubi alikuwa mama mmoja mnene, Madamu Soa. Nilipoanza tu kuongea akaniangalia juu ya miwani.

"Ingahy, sauti." Ingahy ni neno la kumheshimu mwanaume mtu mzima. Kwa hiyo alininyamazisha kwa heshima.

Echati akaandika kwenye kompyuta "mangrove". Vikaja vile vile sita alivyorudishiwa. Akaandika neno jingine la Kifaransa. Hakuna. Akaandika "honko", ndivyo Wamalagasi wanavyoiita mikoko. Vikaja viwili, vya juzi juzi.

Madamu Soa akasema, "Binti, nilishakwambia mwezi uliopita. Vya hapa havipo."

Mimi nimekaa pembeni. Nikauliza, "Samahani, mnatafuta nini hasa?"

"Mikoko, Baba. Tumeshasema."

"Nani aliwahi kwenda kule akasema naenda kwenye mikoko? Tulikuwa tunaenda kwenye boriti. Afisa akija anauliza boriti. Polisi anauliza boriti. Hata mke wangu akigomba anagomba na boriti. Andika boriti."

Madamu Soa akaandika mwenyewe. B, o, r, i, t, i. Akabonyeza.

Hakuna.

Akageuza ile kompyuta kidogo nione mwenyewe, polepole, kama mtu anayekuonyesha mizani. Echati akaanza kukusanya karatasi zake. "Baba, twende tu."

Nikakaa. Mimi siinuki kwa sababu ya mashine.

Nikamuuliza Madamu Soa nani aliyeandika majina haya yote humo ndani. Akasema karani mmoja wa zamani, mtu wa bara, wa huko juu milimani, alishastaafu.

"Mmalagasi?"

"Wa kabisa."

"Basi hawezi kuacha i mwishoni. Andika kwa y."

Wasiojua: Kimalagasi neno likiishia na sauti ya i linaandikwa y. Hilo hata mimi wa darasa la tatu nalijua, maana neno Nosy la kisiwa chetu kila siku nalikuta kwenye vibao. Neno la Kiswahili lilipoingia kwenye mkono wa karani yule, akalivalisha nguo za kwao.

Bority.

Vikaja vitatu.

Madamu Soa akavua miwani. Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na faili lina vumbi. Ndani ripoti ya bwana misitu, imepigwa taipu, ya miaka ile ile niliyokuwa kule. Echati akaivuta kwake. Kifaransa mimi sisomi, akawa ananisomea kwa kutafsiri.

Hori limeandikwa lote. Miti mikubwa iko wapi, kaa wako wapi, maji yanaingia mpaka wapi. Akafungua ukurasa mwingine, anasoma haraka kwa furaha:

"Uharibifu mkubwa unafanywa na kundi la wakataji wanaoongozwa na mtu wa Nosy Be. Hawabakizi mti wa mbegu. Wanakata mpaka michanga. Kiongozi wao anaitwa..."

Akaweka kidole kwenye jina.

Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu wa kushoto, ulikuwa juu ya meza.

Madamu Soa naye akatazama.

Nikasema, "Malizia."

"Anaitwa Efatra."

Nilimkumbuka yule bwana misitu. Kijana wa kaptura na daftari. Nilimpa wali na kaa akala na sisi. Akaniuliza kwa nini hatubakizi. Nikamjibu kwa kujisifu: nisipoukata mimi leo, kesho ataukata mwenzangu. Na hilo pia aliliandika, neno kwa neno. Wali wangu tumboni na kalamu mkononi.

Echati akasema taratibu, "Baba, huu ukurasa naweza kuuruka. Hizo nyingine zinatosha."

Hazikutosha. Mwalimu alitaka kujua hori limekwisha vipi, na jibu lilikuwa kwenye ukurasa ule tu. Yeye alijua, na mimi nilijua.

Nikatoka nje nikanywa kahawa. Msidhani nilikuwa najuta, nilikuwa na hasira. Wale waliokuwa wananunua boriti mbona hawakuandikwa? Serikali iliyokuwa inatugongea muhuri mbona haipo? Nikanywa na kikombe cha pili.

Halafu nikarudi. Nikamwambia, "Usiruke. Lakini amekosea. Anasema tulianza kukata mdomoni mwa hori. Tulianza ndani kabisa, huko miti ilikuwa minyoofu, tukatoka nje. Ndiyo maana tope lilishuka lote kwa mara moja. Andika na hilo."

"Siwezi, Baba. Halina chanzo."

Hapo Madamu Soa akaingilia. "Linaweza. Ni mahojiano. Unaandika jina la msemaji, mahali na tarehe. Mbona hamfundishwi?"

Echati akachukua karatasi safi. Akakaa upande wa pili wa meza, akakunja uso wa kiofisi.

"Jina kamili?"

"Hulijui?"

"Lazima niulize. Ndiyo utaratibu."

Nikataja. Akaandika. Tukakaa pale mpaka wanafunga, ananiuliza mti kwa mti, na Madamu Soa hakuninyamazisha tena hata nilipopaza sauti.

Mada ilikubaliwa. Memwari ilipofungwa vizuri akaniletea nakala Marodoka. Mwishoni kuna orodha ya waliotajwa. Kifaransa sisomi lakini jina langu nalijua. Linaanza na A, kwa hiyo nimemtangulia bwana misitu. Yeye kasema nimemaliza msitu, mimi kwenye maelezo ya chini nimesema ndiyo, ila tulianza ndani.

Nilichojifunza, hasa kwa nyie mnaosomesha au mnaosoma: kitu ukikikosa maktaba, tafuta waliokuwa wanakishika kwa mkono walikiitaje, halafu tafuta karani alikiandikaje. Hayo ni maneno mawili tofauti. Na ukikipata, soma na ukurasa ambao wewe mwenyewe umo.

Sasa nyie wa Pemba, Lamu, Rufiji, kwenu mikoko mlikuwa mnaiitaje kabla ya shule kuja na jina lake? Leteni.

Na wale watakaoandika "mzee uliharibu mazingira", karibuni pia. Mmechelewa tu, imeshaandikwa na binti yangu.