Duara Ambalo Nuru Hakulipata

Saa moja na nusu asubuhi, Sabra Chilumba anafungua kabati la joto katika maabara ya hospitali moja mjini Mtwara. Anatoa sahani ndogo za plastiki, anaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha na kuzitazama.

Ndani ya kila sahani kuna ute mgumu wa rangi ya uji mwepesi. Jana ulikuwa mtupu. Leo umefunikwa na utando mweupe wa bakteria, mamilioni kwa mamilioni, waliozaliana usiku kucha. Juu ya utando huo kuna vipande vya karatasi vidogo kama punje za dengu, kila kimoja kimelowekwa dawa yake.

Kipande kimoja kimezungukwa na duara safi lisilo na utando. "Hapa dawa imeshinda," anasema Sabra. Anasogeza kidole kwenye kipande cha jirani, ambako utando umeota hadi ukingoni. "Hapa bakteria hawana habari."

Sabra, mwenye miaka 43, si mtaalamu wa maabara. Ni mhudumu. Anaandaa sahani zipatazo sitini kwa wiki, anaosha vyombo vya glasi na kuchemsha kwa mvuke kila kilichogusa vimelea kabla hakijatupwa. Majibu haruhusiwi kuyaandika. Lakini kila asubuhi huyatazama kabla ya mtu mwingine yeyote.

Aliingia humu kwa sababu ya mdogo wake.

Mama yao alipofariki huko Mpapura, Nuru alikuwa na miaka sita na Sabra kumi na sita. Sabra ndiye aliyemlea. Alipokuja mjini kufua nguo kwenye nyumba za Shangani, Nuru, ambaye tayari alikuwa msichana mkubwa, alibaki kijijini akilima mihogo. Kila jioni alimpigia dada yake simu, mara nyingi bila jambo lolote.

"Alikuwa anauliza tu, 'Dada, umepika nini?' Nikimwambia kisamvu, anacheka, anasema hata yeye kapika kisamvu. Basi, tunaagana," anasimulia Sabra.

Mwaka 2016 Nuru alijifungua salama mtoto wa kike. Siku ya tano akashikwa na homa. Sabra alikuwa na vidonge sita vya rangi mbili, dawa ya kuua bakteria, vilivyobaki alipougua jino, akavifunga kwenye karatasi na kumpelekea kwa bodaboda. Baada ya siku mbili homa ilishuka. Wote wakashukuru, na Nuru akaacha dawa.

Homa ilirudi. Wakanunua vidonge vingine vinne dukani, navyo havikusaidia. Siku ya kumi Nuru aliletwa hospitali mjini, hawezi kukaa. Madaktari walimwanzishia dawa za sindano na kuchukua damu yake ili ioteshwe. Jibu la kuotesha haliji kwa saa moja, kwa kuwa bakteria wanahitaji muda wa kukua. Lilipotoka siku ya tatu, lilionyesha kwamba dawa moja tu ndiyo ingemfaa, na dawa hiyo ilibidi iagizwe kutoka Dar es Salaam. Nuru alifariki kabla haijafika. Alikuwa na miaka 24.

Baada ya arobaini, Sabra alikwenda maabara na kuomba kuonyeshwa kilichomuua mdogo wake. Mtaalamu wa zamu, Joshua, angeweza kumrudisha. Badala yake alivuta kiti, akamletea sahani ya mgonjwa mwingine ambayo nayo ilikuwa na duara moja tu, akamweleza taratibu.

Alimwambia kwamba bakteria ni kiumbe cha seli moja, na wengine hujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika ishirini. Wengi wao wamezungukwa na ukuta, na seli ya binadamu haina ukuta huo. Ndiyo maana zipo dawa zinazobomoa ukuta wa bakteria na kumwacha mgonjwa salama. Dawa nyingine huzuia bakteria asitengeneze protini. Lakini wapo bakteria wanaojua kuikata dawa vipande kabla haijawadhuru. Dawa ikiwaua wale dhaifu, hao hubaki na nafasi yote, wakazaana na hata kuwagawia jirani zao ujuzi huo.

Sabra alimuuliza swali moja: je, ni vile vidonge sita?

"Aliniambia hakuna anayeweza kujua. Huenda Nuru alipata bakteria waliokwisha kuwa sugu tangu mwanzo. Lakini vile vidonge vilitupotezea siku, hilo hakunificha," anasema. "Nilikuwa nampenda, ndiyo maana nilimpa. Hilo ndilo linaloniuma."

Aliendelea kurudi. Mwaka uliofuata alipata kazi ya usafi hapo maabara, na baadaye Joshua akamfundisha kuandaa sahani.

Mtoto wa Nuru, Mariamu, sasa ana miaka tisa na anaishi naye mtaa wa Magomeni. Anamwita mama mkubwa. Mwaka jana alikanyaga msumari, mguu ukavimba na kutoa usaha. Majirani walishauri rangi mbili. Sabra alimbeba hadi hospitali.

Usaha ulioteshwa. Asubuhi ya pili, Sabra aliinua sahani ya Mariamu dirishani. Kuzunguka dawa ya kawaida kabisa kulikuwa na duara pana.

"Nililia mpaka Joshua akadhani jibu ni baya," anasema. "Nilikuwa nawaza, mbona la Nuru halikuwa hivi."

Mariamu alimaliza dozi yote, hata siku alizokuwa tayari anaruka kamba.

Sabra aliishia darasa la saba. Kwa miaka mitatu amekuwa akisoma masomo ya sekondari jioni, na Novemba hii atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kemia inamsumbua. Akifaulu, ataomba chuo cha maabara, na akihitimu atakuwa anakaribia miaka hamsini. Anajua wenzake darasani watakuwa na umri wa kuwa watoto wake.

"Nuru harudi, nimeshakubali," anasema, akivua glavu. "Ila natamani siku moja mama mzazi atoke Mpapura na homa, aletwe siku ileile, na jina la dawa yake niliandike mimi, akiwa bado ana nguvu za kunyonyesha."