Swali Ambalo Wakili Bilha Hakuuliza

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu, Wakili Bilha Kipkoech anapiga simu ili ajue nani amekufa.

Ameketi katika ofisi ya chumba kimoja huko Clairwood, Durban, ghorofani, juu ya karakana ya matairi ya malori. Mbele yake kuna karatasi yenye majina arobaini na moja. Thelathini na nane yamepigwa mstari. Anazungumza Kizulu kwa sauti ya chini, anacheka kidogo, anaaga. Simu tatu tu, na kazi imekwisha.

"Wote wapo," anasema. "Wiki hii wote wapo."

Bilha ana miaka sitini na tisa. Alizaliwa Nandi, Kenya, akaja Durban mwaka 1993 kusomea sheria, akiwa na nia ya kukaa miaka minne. Yakawa maisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini amewatetea watu walionyang'anywa ardhi enzi za ubaguzi wa rangi. Amesimamia mashauri kumi na tisa, ameshinda manne. Ukimpongeza kwa hayo manne, anakukatia kauli.

Hili la majina arobaini na moja ndilo linalomla.

Ni wazee wa familia za Emadwaleni waliofungua dai, kila mmoja na jina lake; Emadwaleni ni kilima kilicho ndani ya mashamba ya miwa kaskazini ya mji. Mwaka 1967 malori yaliwabeba wao na mabati yao, yakawamwaga Umlazi, mtaa wa watu weusi kusini ya mji. Wao wanasema walifukuzwa. Wenye shamba wanasema walihama kwa hiari. Hapo sheria haina huruma: aliyefukuzwa ana dai, aliyehama mwenyewe hana.

Shauri liliposikilizwa mwaka 2019, shahidi mkuu alikuwa MaNxumalo, bibi ambaye sasa ana miaka themanini na tisa. Wakili wa upande wa pili alimuuliza kwa upole kabisa: je, ni kweli kwamba mwaka mmoja kabla ya malori, familia yake ilikwenda makaburini ikawachukua marehemu wake?

Wazulu wana desturi hiyo. Jamaa huenda mahali alipolala marehemu wakiwa na tawi la mti wa umlahlankosi, wakamwita kwa jina lake. Aliyebeba tawi hasemi na mtu njiani mpaka afike nyumba mpya. Mifupa hubaki kaburini, lakini mwenyewe ameshahamia kwa watoto wake.

MaNxumalo ni mtu wa kweli. Akajibu ndiyo, tulimchukua mama.

"Mheshimiwa Jaji," wakili yule akasema, "hakuna anayehamisha wafu wake kama hajaamua kuhama."

Bilha alikuwa na haki ya kumuuliza shahidi wake tena. Akasimama, akasema hana swali, akaketi.

"Kwetu mzee haulizwi habari za marehemu mama yake mbele ya watu baki," anaeleza huku akikunja ile karatasi. "Ni kama kumvua nguo. Nikamheshimu. Heshima yangu ndiyo iliyowaponza."

Hukumu ilitoka mwaka 2021. Wakashindwa. Rufaa ilikuwa isikilizwe Agosti mwaka huu, lakini Ijumaa iliyopita ikaja barua: imesogezwa hadi Mei mwakani. Moyo wa MaNxumalo umechoka, na daktari hakuahidi hata Krismasi. Kati ya wale watatu waliobaki, ni yeye peke yake aliyekuwa makaburini siku ile.

Mtu yeyote angejiuliza kwa nini wakili hakumfuata bibi baadaye, faraghani. Mwandishi wa makala haya alimuuliza.

"Niliogopa," anasema. "Jibu likiwa baya, tumeshindwa kwa haki. Likiwa zuri, basi ni mimi niliyewaangusha. Ungeuliza wewe?"

Katibu wake, Bernadette Niyonkuru, Mrundi aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, anasikiliza huku akigonga mihuri. "Maître iko anakonda," anasema, akimwita wakili kwa Kifaransa cha kwao. "Iko dossier moja tu, ile kesi ya bibi, inamukula. Nilimuambia, Maman, wende umuulize. Ule bibi hakuli mutu."

Kesho yake Bilha anakwenda. Anaendesha gari, anapita Chatsworth, anaingia Umlazi. MaNxumalo ameketi kitandani, miguu imevimba, shuka magotini. Bilha anaanza na habari ya tarehe.

"Mei ni mbali, mwanangu," bibi anajibu kwa Kizulu.

Wakili anauliza, macho chini, akimwita bibi kwa Kizulu: "Gogo, mama yako mlimchukua kwa nini?"

Bibi anamtazama kwa mshangao. "Kwani hujui? Ni kwa sababu ya trekta."

Anasimulia bila haraka. Msimamizi wa shamba alikuja na kamba na vigingi, akapima miwa itakapopita. Akasema makaburini napo patalimwa, na kila mtu atafute pa kwenda. Asubuhi iliyofuata kaka yake akakata tawi.

"Tungemwacha mama alimiwe kichwani?"

Bilha ameshika kalamu lakini haandiki. "Mbona hukusema mahakamani, gogo?"

"Sikuulizwa. Niliulizwa kama tulimchukua, nikasema ndiyo. Ukasimama, nikasema moyoni, sasa mwanangu ananiuliza. Nikajiweka tayari. Ukaketi."

Bilha analia, waziwazi, mbele ya mteja wake, na MaNxumalo ndiye anayembembeleza.

Alasiri hiyo hiyo maelezo yanaandikwa, yanasomwa kwa Kizulu, bibi anaapa na kuweka dole gumba. Lakini mahakama ya rufaa husikiliza yale yaliyosemwa mwanzo. Ushahidi mpya huupokea kwa nadra sana, na kosa la wakili si sababu inayopendwa. Hata ukipokelewa, huenda upande wa pili ukataka kumhoji bibi mwenyewe, hiyo Mei.

Bilha atauwasilisha Jumatatu, pamoja na kiapo chake mwenyewe kinachosema kosa lilikuwa lake. Baada ya shauri hili atafunga ofisi. Anajua kiapo hicho kinaweza kuifunga hata kabla ya hapo.

"Eish, wataukataa," anasema akiwasha gari. "Karibu nina hakika. Lakini MaNxumalo asife akidhani sikutaka kumsikia."