Kurasa za Kaka Ndani ya Kiini

Marehemu kaka yangu alikuwa mtu wa kompyuta. Sisemi mtu wa kompyuta kama mimi, ninayechapa barua za kuomba kazi na kutoa kopi za vyeti katika steshenari yangu hapa Nyabiyonza. Yeye alikijua kilichomo ndani kabisa, kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ambayo isipokuwapo kompyuta ni bati tu. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachozungumza na diski, kinachoamua programu ipi isubiri. Kiini alichokishughulikia yeye kinaandikwa na watu waliotawanyika dunia nzima, wengi wao hawajawahi kuonana, na kina kurasa nyingi za maelezo zinazomwonyesha fundi jinsi kilivyojengwa. Kaka aliporudi kutoka Dar es Salaam, figo zimemshinda, akaanza kuzitafsiri kurasa hizo kwa Kiswahili. Nilidhani ugonjwa umempanda kichwani.

Alikuwa akija kukaa nyuma ya kaunta yangu asubuhi, kabla umeme haujaanza vituko vyake. Mikono ilipoanza kumtetemeka, akawa anasema, mimi nachapa. Nikajifunza bila kutaka. Kumbe kurasa zile hazipambwi kama barua. Ni maandishi matupu, kisha mtambo, programu maalumu, unayasoma na kuyageuza kuwa ukurasa mzuri, na mtambo wenyewe ni mkali kuliko mwalimu mkuu. Chini ya kila kichwa unapiga mstari wa alama za sawasawa, na mstari ukiwa mfupi kuliko kichwa unapewa onyo. Majedwali unayachora kwa vistari na alama za kujumlisha. Neno la Kiingereza lilikuwa limekaa vizuri kwenye chumba chake, unaweka la Kiswahili linatokeza nje, jedwali lote linabomoka. Basi unaanza kupanua kuta, chumba kimoja baada ya kingine.

Ukurasa wa kwanza niliouandaa peke yangu niliupanga kama ninavyowapangia wateja wanaoandikia ofisi za serikali: kichwa katikati, herufi kubwa, kimepigiwa mstari. Nilikisukuma hadi katikati kwa kubonyeza nafasi. Kumbe kwa mtambo ule, nafasi mwanzoni mwa mstari zina maana yake. Ukurasa wote ukaharibika. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mdogo wangu, hii siyo barua ya kwenda kwa mkurugenzi!"

Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka akicheka hivyo.

Kurasa zake zilipokelewa. Juu ya kila moja lilikaa jina lake, kwamba ndiye mtafsiri na mtunzaji. Alimweleza mama kwamba maelezo husafiri pamoja na kiini, kila anayechukua kiini kizima kutoka kwa wenyewe anachukua na zile kurasa. Mama akalikuza jambo, kama mama yeyote. Kanisani akawaambia wenzake kwamba jina la mwanawe limo ndani ya kompyuta zote za duniani. Sikumsahihisha. Kila siku ya gulio, akishauza ndizi zake, alipita dukani, akaketi kwenye kiti cha kaka, akasema, "Nionyeshe." Nikimfungulia ukurasa aliligusa jina kwa kidole cheusi cha utomvu wa mgomba, na mimi baadaye nafuta kioo.

Kaka akafariki. Tukamzika kibanjani, shamba letu la ukoo, kati ya migomba, karibu na baba. Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa, na ingawa sisi ni Walutheri, wazee walifanya kama inavyofanywa: wakamtaja mrithi, mdogo wetu wa mwisho, wakamkalisha, wakamkabidhi kibanja mbele ya watu wote ili asije akasema hakuambiwa. Kila kitu kikapata mwenyewe, hadi baiskeli. Kurasa hazikutajwa. Kompyuta yake mpakato niliichukua mimi kwa kuwa hakuna aliyeitaka, betri ilikuwa imeshakufa.

Wiki chache baadaye barua pepe za watu wa kiini zikaanza kunijia kwa Kiingereza kigumu. Kaka alikuwa ameliweka jina langu chini ya lake kwenye orodha ya watunzaji, bila kuniuliza. Nilimkasirikia. Ukimkasirikia marehemu hasira haina pa kwenda, unabaki nayo tu.

Na shida ya kiini ni kwamba hakitulii. Leo wanabadilisha namna ya kuomba kumbukumbu, kesho wanafuta kitu kizima, na kurasa za asili zinabadilishwa siku hiyohiyo. Tafsiri inabaki nyuma, inamwelekeza mtu kwenye mlango uliokwisha kuzibwa kwa matofali. Nilijaribu. Nilisoma Kiingereza na kamusi pembeni, nikarekebisha ninachokiweza, nikatuma. Marekebisho hayo wenyewe wanayaita kiraka. Viraka vyangu vilirudi. Mara programu ya barua imekata mistari, mara nafasi zimeharibika. Mzee anayesimamia maelezo yote, huko kwao, hakuwahi kunitukana. Aliandika kwa upole kila mara, na upole ule ulinichosha kuliko matusi.

Nilipofaulu kutuma kiraka kilichonyooka, likaja sharti jingine: mtu wa pili anayejua Kiswahili akisome na kukiidhinisha. Kaka nilikuwa namwidhinisha mimi, nasoma Kiswahili chake, naye anaandika jina langu. Mimi nani aniidhinishe?

Jirani yangu mwenye duka la vitenge ndiye mwenye Kiswahili kuliko sote hapa, wazee wake walitoka Tanga. Sisi wengine Kiswahili tulikikuta shuleni, nyumbani ni Kinyambo. Nilimpa ukurasa mmoja. Alisoma kwa sauti, taratibu, na kwa kweli ulipendeza kinywani mwake. Kisha akavua miwani.

"Dada, maneno yote haya nayajua, moja moja. Lakini wallahi sijui linazungumzwa jambo gani."

Nikapanda bodaboda hadi Rugu, kwa mwalimu mmoja wa kompyuta. Yeye alielewa. Alisoma kurasa za kaka mpaka mwisho.

"Kaka yako alikuwa kichwa," akasema. "Lakini niambie, dada, nani atazisoma? Mtu akifika kiwango cha kugusa kiini, ameshasoma Kiingereza miaka yote. Na asiyejua Kiingereza hafiki huku."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilirudi nimekaa nyuma ya bodaboda natafuta jibu hadi Nyabiyonza.

Mwishowe mzee wa maelezo akaniandikia. Kurasa za Kiswahili zimepitwa mno, na ukurasa unaopotosha ni mbaya kuliko ukosefu wa ukurasa. Alipendekeza ziondolewe. Kama nina mpango, niuseme. Kama sina, basi ingefaa kiraka cha kuziondoa kitoke kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mtunzaji.

Sikuwa na mpango. Na ukweli, alikuwa sahihi. Nilijua pia kwamba akiziondoa mtu mwingine kwa haraka, ataacha mstari unaoning'inia kwenye orodha ya yaliyomo, na mtambo utatoa maonyo juu ya kazi ya kaka. Sikutaka. Nikafuta kurasa zote, nikausafisha mstari kwenye yaliyomo, nikaondoa majina yetu kwenye orodha ya watunzaji, lake kisha langu. Nikautazama mtambo ukiyapitia maelezo yaliyobaki. Hakuna hata onyo moja. Kiraka hicho kilipokelewa bila neno la kusahihisha. Nililia pale kaunta, mteja akadhani nimefiwa.

Siku ya gulio mama akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

"Mama, zimeondolewa."

Akaniangalia. "Nani kaziondoa? Wazungu?"

Ningeitikia tu, mambo yangeishia hapo.

"Ni mimi, mama."

Nikamweleza yote, kwa Kinyambo, mpaka maneno yakaniishia kwa kuwa Kinyambo hakina kiini wala kiraka. Alinisikiliza mpaka mwisho mikono ikiwa mapajani.

"Na ungekataa, wangeziacha?"

"Hapana. Wangeziondoa wao."

"Basi ungewaachia waziondoe wao."

Akajifunga kitenge vizuri, akachukua kikapu chake, akatoka.

Bado anapita siku za gulio. Namwamkia, ananiitikia akiwa barabarani. Kwenye kile kiti cha nyuma ya kaunta siku hizi naweka rimu za karatasi.