Barua ya Harusi ya Shangazi Mwanaidi

Sisi tuliokulia Kolo enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa na kamusi moja, tena isiyo na jalada, tunajua Kiingereza kilivyoheshimiwa. Tulicheza rede mpaka vumbi likatugeuza rangi, tukarudi kula ugali wa uwele na mlenda, lakini aliyefika kidato cha kwanza aliwekwa kwenye kiti cha wageni awasomee wazee barua. Likizo ile kiti kilikuwa changu.

Barua ilitoka Dodoma mjini, kwa kaka yake bwana harusi, karani aliyependa kuandika Kiingereza hata kwa watu wasiokijua. Shangazi Mwanaidi alikuwa aolewe Jumamosi. Barua ikafika Alhamisi. Ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza salamu. Wa pili: "The wedding is called off."

"Haya mwanafunzi, wanasemaje?" babu akauliza.

"Call" nililijua, ni kuita. "Off" nikakumbuka ni mbali. Nikakohoa kama mwalimu, nikatangaza, "Wanasema wameita watu wa harusi, wanatoka mbali."

Bibi akapiga kigelegele. "Wanatoka mbali! Basi mbuzi wawili hawatoshi."

Wakachinjwa wanne. Jumamosi pilau lilinukia hadi barabarani, shangazi ana hina mpaka viwikoni, shehe ameketi mkekani. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia, hakuna gari. Babu, kwa kujituliza, akamwonyesha barua mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyekuwa miongoni mwa wageni. Mwalimu akaisoma, akairudia, kisha akavua kofia.

"Mzee, hii barua mlisomewa na nani? Hawaiti watu. Wamevunja harusi."

Bibi alikaa chini kwenye vumbi na kanga yake mpya.

Shangazi akatoka ndani. "Mwalimu, hilo neno halina maana nyingine?"

"Hapana, mwanangu."

Akaniita. Nikajua ni kofi. Akanishika bega. "Wewe umekosea neno tu. Wao wameshindwa hata kuniandikia kwa lugha ninayoijua." Kisha akawageukia wapishi, "Pakueni. Watu wana njaa."

Hakuna aliyeondoka baada ya kula. Wanawake wa mtaa walilala kwetu wiki nzima, wakimzunguka shangazi, wakichambua mboga na kuzungumza habari zisizo na maana ili asibaki na kimya. Alilima na hina mikononi mpaka ikafutika yenyewe. Miaka miwili baadaye akaolewa na mfanyabiashara wa Kondoa mjini, aliyekuja mwenyewe kwa babu na kuposa kwa Kirangi, lugha yetu ya nyumbani.

Juzi, hapa Dodoma ninapoishi sasa, binti yangu wa chuo alikuwa anakula chipsi, macho kwenye simu. "Mama, harusi ya Neema wame-call off," akasema habari ya rafiki yake, kama anayetangaza mvua. Kikombe kilinitoka mkononi.

"Mbona umeshtuka hivyo? Mambo ya kawaida siku hizi. Amepata meseji tu."

Vijana hawa Kiingereza wanakijua, sina wa kumsahihisha. Nikamuuliza Neema yuko na nani.

Akainua macho. "Sijui, mama. Hayuko hewani tangu jana."

Nikamwambia avae viatu, twende kwao.