Maji ya Siku ya Pili

Mwanahamisi wa kijiji cha Kwa Mabruki alipika pombe ya ndizi miaka thelathini, na hakuionja hata siku moja. Alikuwa Mwislamu wa kweli, wa kufunga Ramazani na kuswali mara tano, na chungu chake kilijulikana toka Kindu mpaka Kibombo. Wangwana wa zamani, Waislamu wa misafara ya Waarabu, walipopita kwetu waliacha katika kijiji kile msikiti mdogo na shamba kubwa la migomba. Msikiti ulianguka mara mbili ukajengwa tena. Migomba haikuanguka.

Wapishi wengine wanaonja ili wajue kama pombe imeiva. Yeye alisikiliza. Akisha kukanda ndizi na nyasi, kuchuja, na kutia unga wa mtama uliokaangwa, alifunika chungu kwa majani, akapiga magoti, akaweka sikio. Siku ya kwanza chungu kinanyamaza: hayo ni maji matamu, hata mtoto mchanga atakunywa. Siku ya tatu kinatokota bila moto: hiyo ni pombe, na wanaume wanaijua. Siku ya pili kinanong'ona tu, na hapo hakuna anayejua kiitwe nini.

Kila mwaka sisi Wakristo wa Kindu tulikwenda kwa miguu kuhiji misioni, kwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na kila mwaka tulilala Kwa Mabruki. Tulisema ni kwa sababu kijiji kiko katikati ya njia. Kwa kweli kilikuwa karibu zaidi na Kindu, lakini hakuna aliyetaka kupima.

Mwaka wa 1954 Mwanahamisi alitungoja barabarani, amevaa leso mpya. Binti yake Zaina, aliyebatizwa Hélène, alikuwa misioni miezi minne akifundishwa dini, na siku ya sikukuu angefunga ndoa na Désiré, kijana wa kazi ya gari la moshi. Mama mtu alitaka kitu kimoja tu: kumuona mwanawe akiolewa.

Lakini Florentin, katekista wetu, alikuwa na barua ya Padri mfukoni. Mwenye kupika pombe asipite lango la misioni siku ile, na Florentin ndiye atakayesimama langoni kutaja kila mtu na kazi yake.

"Kuwa Mwislamu si neno, mama," alimwambia. "Padri anakaribisha wageni wote. Lakini pombe, hapana."

"Pombe gani, Mwalimu?"

"Ile ya mu chungu kile."

"Kile njo cha siku ya pili."

"Sasa njo maji ao njo pombe?"

"Mimi nitajulia wapi? Haijapita mu kinywa changu tangu nizaliwe. Onja wewe, unikatie neno. Kama ni maji, naenda na ninyi. Kama ni pombe, nabaki."

Onema, mshona viatu, aliyekuwa ametembea na kiu tangu asubuhi, akadakia: "Ni haki, Mwalimu. Jaji hawezi kukata neno bila kuona kitu chenyewe. Na ukitaka mashahidi, tuko."

"Mashahidi watakunywa maji ya mto," alisema Florentin, akapokea kikombe.

Alikunywa, akafumba macho. "Ni tamu."

"Basi ni maji?"

"Nimesema ni tamu. Sijasema ni maji."

Kikombe cha pili kilichotwa chini kabisa, ili haki itendeke. "Huku iko ukali kidogo."

"Basi ni pombe?"

"Mama, usinisukume! Hii ni mambo ya roho."

Cha tatu kilikuwa cha kulinganisha cha kwanza na cha pili. Cha nne, kwa kuwa cha kwanza alikuwa amekisahau. Kwenye cha tano alituimbia wimbo wa Bikira Maria, beti zote, peke yake. Kwenye cha sita alimwita Mwanahamisi shemeji, na hukumu bado haijatoka.

Hapo mke wake Geneviève akarudi kutoka mtoni, miguu yake ikichuruzika maji.

"Baba Henri, unakunywa nini?"

Florentin akapangusa midomo.

"Nauliza: njo nini iko mu kikombe?"

Florentin alitazama kikombe, akatazama mfuko wenye barua, akamtazama Geneviève. Sote tuliona sheria ikitafuta njia ndani ya kichwa chake.

"Maji," alisema. "Maji ya ndizi."

"Vikombe ngapi?"

"Jua lilikuwa kali."

"Mmesikia wote?" Mwanahamisi alipiga kofi. "Mwalimu amekata neno! Mimi nauzaka maji!" Akakimbia kufunga mzigo wake kabla hukumu haijapoa.

Kesho yake Florentin alitembea na jani bichi kwenye kipaji cha uso. Alisema ni homa. Geneviève alisema maji ya kijiji kile yana malaria.

Langoni, Padri aliuliza: "Na mama huyu?"

Florentin alimtazama mke wake, kisha akatazama chini. "Anauza maji, Padri."

Padri akafurahi sana. Kazi njema, alisema, njia ile ni kavu, wasafiri wanapata taabu. Akambariki.

Ndani ya kanisa Mwanahamisi aliketi karibu nami, upande wa wanawake. Hélène alipoingia na kitambaa cheupe kichwani, alimuona mama yake, mguu ukakataa kwenda. Désiré alimvuta kidogo kwa mkono. Mwanahamisi alilia bila kujipangusa, na mimi nililia naye, kwa maana hakuna mama asiyejua machozi yale.

Padri alipoinua kikombe, Mwanahamisi akanivuta mkono wa gauni.

"Ndani iko nini?"

Nilimweleza kwa sauti ndogo kwamba sasa ni Damu ya Bwana, lakini kabla ya kugeuzwa ilikuwa divai.

"Ya siku ngapi?"

"Ya miaka, nafikiri. Inatoka Ulaya."

Akamtazama Padri kwa huruma.

"Na yeye," aliuliza, "alipita mu lango gani?"

Niliinamisha kichwa kama mtu anayesali, leso mdomoni. Bikira Maria anajua nilikuwa ninafanya nini.