Mlingoti wa Mwalimu, Kisumu Ndogo

Juzi vijana walikuja kusimamisha mlingoti wa intaneti juu ya ghorofa ninayokaa hapa Kawangware. Nilikuwa naanika nguo huko juu, wakaniomba niwapishe. Nikashuka. Chini nikampata mwenzao anachimba shimo la ule waya wa kupeleka radi ardhini, anamwagia unga mweupe kutoka kwa mfuko wenye maandishi ya Kichina. Nikamuuliza kama siku hizi hawaweki makaa na chumvi. Akacheka sana. "Makaa na chumvi, madam? Kwani tunachoma nyama?" Mimi sikucheka. Niliingia ndani na beseni langu la nguo mbichi, nikaketi kitandani, na nikuambie tu ukweli rafiki yangu, nililia mpaka jirani akabisha mlango.

Mimi nimelelewa kando ya shimo la makaa na chumvi. Tulikaa Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, mimi na nyanya yangu mzaa mama. Nilimwita Dani, vile watoto wa Wajaluo, watu wa ziwa, wanavyoita nyanya zao. Dani aliuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, kwa meza mbele ya mlango, na nywele zangu zilinuka omena mpaka shuleni. Mama alikaa huku Kawangware. Alikuwa anafua nguo na kulea watoto wa matajiri huko Lavington, na kutoka Kawangware angeweza kwenda kazini kwa miguu. Alikuja kwetu Jumapili wakimpa ruhusa, na mara nyingi hawakumpa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mwalimu. Kwao Kitui, Ukambani. Alifundisha sayansi kwenye shule ya mabati ng'ambo ya reli, hakuwa na mke, hakuwa na maneno mengi, lakini alikuwa na redio. Sio redio ya kusikiliza taarifa, hapana. Redio ya kuongea. Leseni yake ya serikali ilikuwa kwa fremu ukutani, imening'inia juu ya kitanda, na mtu yeyote akiuliza aliivua akampa aisome mwenyewe. Stima yetu ilikuwa ya kuja na kwenda, kwa hivyo mashine yake ilikula moto wa betri ya gari.

Mlingoti aliuunda kwa mabomba ya maji ya zamani yaliyounganishwa kwa kuchomelewa. Chini uliingia kwenye bolti moja kubwa, ndiyo uweze kulazwa ukitaka kurekebisha antena. Juu ulishikiliwa na waya nne, na hapo ndipo watu wote walipoingia kwenye hadithi hii, kwa sababu Kibera nafasi iko wapi? Waya zilibidi zishikwe kwenye milango ya watu. Mwalimu alizunguka kuomba, nyumba kwa nyumba, na mkate mkononi. Waya moja ikafungwa kwa mwenye baa. Moja kwa mama wa chapati. Moja kwa nguzo ya kanisa. Ya nne ikafungwa kwetu, kwa chuma kilichozikwa na simiti kando ya meza ya omena, na Dani akasema huyo mtoto wa watu ameomba vizuri, apewe.

Kila waya ilikuwa na skrubu ndefu ya kuikaza kwa spana. Mvua ndefu zikikaribia, kabla udongo haujalegea, Mwalimu alitangaza Jumamosi ya kukaza. Woi, hiyo ilikuwa sikukuu! Kila mtu alisimama kwa waya yake. Mwalimu alikaa katikati, ameshika uzi wenye jiwe akipima kama mlingoti umenyooka, anapiga kelele: "Baa, legeza kidogo! Kanisa, kaza! Mama Chapati, wacha hapo hapo!" Mama wa chapati alikuwa anajibu kwa matusi mazuri, mwenye baa anacheka mpaka anashika tumbo. Dani alikuwa na mkono mzuri kuliko wote. Alizungusha spana robo, anangoja, robo tena. Baadaye kulikuwa na chai na chapati za moto, na watu wazima walikula wakiangalia juu kana kwamba wameweka mnara wa kanisa kuu. Mwalimu alikuwa na onyo moja tu, alilirudia kila mwaka: mtu asifungue yake peke yake, maana mlingoti ukiachiliwa upande mmoja utaenda kuangukia mwenzake.

Na lile shimo. Alipigilia fimbo ya shaba ardhini chini ya mlingoti, akaizungushia makaa na chumvi ya mawe, akasema udongo ule lazima ukae na unyevu, ndiyo radi ikipiga iingie chini badala ya kuingia kwetu. Basi Dani akatoa amri: maji ya kuosha omena, ya vyombo, ya nguo, yote yamwagwe pale. Jioni ungekuta foleni ya mabeseni. Vijana walikuwa wanamtania Mwalimu kwamba Mkamba amezika dawa, ati ndiyo maana hana mke, dawa imemkalia. Yeye alikuwa anajibu, "Ni kweli, na wewe ndiye umeimwagilia leo." Tulicheka wote. Nataka uamini kwamba tulicheka wote.

Jioni mashine ilipowaka ilitoa sauti ya kukaanga, halafu filimbi, halafu mtu. Mara moja mtu wa Japani alisema "Jambo" na sisi watoto tukakimbia nje kwa kelele. Lakini mtu wa kila siku alikuwa rafiki ya Mwalimu wa tangu chuo, fundi wa stima aliyekaa Kawangware, nyumba chache kutoka kwa Mama. Alikuwa na antena yake fupi juu ya paa. Jumapili ambazo Mama hakuruhusiwa kuja, alipita kwa huyo fundi jioni akitoka kazini na tukaongea. Aliniuliza kama nimekula. Swali ni hilo hilo, kila mara, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo makubwa. Nilimwambia ndiyo, nimekula, kidole bado kimebonyeza kitufe, na Mwalimu akaninong'oneza, "Bonyeza hapa uongee, acha hapa usikie." Sauti ya Mama ilikuja nyembamba lakini ilikuwa yake.

Halafu kura ikapigwa. Matokeo yakasomwa, watu wa kwetu wakasema wameibiwa, na unajua wewe pia kilichofuata, sina haja ya kukuchorea. Maduka yalifungwa au yalichomwa. Unga ukapotea. Kadi za simu zikaisha, na aliyekuwa na simu akawa na tochi tu. Watu wa Kisumu Ndogo walikuwa na ndugu Kawangware, na huko Kawangware watu wa kwetu walikuwa wachache mitaani, wanajificha. Nani alikuwa na njia ya kujua kama wako hai? Mwalimu. Kila mchana foleni ilisimama mlangoni pake. Niulizie mume wangu. Niulizie shemeji. Fundi wa Kawangware alitoka akauliza, akarudi akajibu. Mama wa chapati alijua dada yake yuko salama kupitia ile mashine. Mwenye baa alipata habari ya kijana wake hapo hapo, nikiwa nimesimama, na akamkumbatia Mwalimu machozi yakimtoka. Niliona kwa macho yangu.

Mama alikuwa amehamia kwa fundi, analala jikoni na mke wake. Kila mchana tulisikia: yuko, amekula.

Ile siku redio za kawaida zilipotangaza mawaziri, mtu wa Ukambani akawa amepewa kiti kikubwa kwenye serikali hiyo hiyo tuliyosema imetuibia, mtaa uligeuka kabla chai haijapoa. Jana Mwalimu alikuwa wetu, leo akawa wao. Hakumpa mtu yeyote kiti, jamani! Hata kura yake sijui alimpigia nani. Dani alimwambia aende kwao. Alisema ataenda kesho, kuna watu hawajapata majibu.

Asubuhi iliyofuata fundi aliita mapema. Mlango wake ulikuwa umewekwa alama kwa rangi, ishara ya nyumba itakayovamiwa. Mama hangeweza kukaa tena pale, alitaka kutoka mchana aje Kibera kwa miguu. Betri ya Mwalimu ilikuwa imebaki nguvu kidogo, na hapakuwa na mahali pa kuichajisha. Kwa hivyo walipatana hivi: sisi tuulize njia ikoje. Ikiwa mbaya, Mwalimu ataita mchana aseme asitoke. Wasiposikia kitu, wajue betri imekufa, na Mama aanze safari, kwa sababu kukaa pale bila habari kulikuwa kubaya zaidi. Dani alikuwa amesimama hapo akisikia yote. Alisema sawa.

Dani mwenyewe ndiye aliyeenda kuuliza. Alirudi amekauka midomo. Njia ilikuwa mbaya, kulikuwa na watu wa panga barabarani, na kulikuwa na lori la kanisa la kuchukua watu wa Kawangware kesho yake. Mama alipaswa kujificha siku moja tu. Mwalimu akaunganisha betri, akavaa vile vidude vya masikioni, akaanza kuita.

Ndipo wakaja. Usifikiri ni watu wageni. Walikuwa vijana wa kwetu, na mwenye baa mbele yao.

"Huyo msee anapeleka stori kwa serikali," mmoja akasema. "Na hilo shimo liko na dawa. Ndiyo maana tumeibiwa kura."

Hebu sikiliza hayo maneno. Kura ya nchi nzima imeibwa na maji ya kuosha omena.

Dani aliwaambia, "Anamwita mtoto wangu. Ngojeni amalize."

"Mathe, hata sisi tuko na watoto," mwenye baa akasema, na hakumtazama usoni. Yeye ambaye wake alikuwa amepatikana.

Walikuwa wamekwisha kufungua waya ya baa. Mama wa chapati alifungua yake mwenyewe, analia, lakini alifungua. Ya kanisa waliikata. Wakafunga kamba kwenye mlingoti wakaanza kuuvuta uangukie njiani. Waya yetu tu ndiyo iliyoukatalia. Mabomba yalipinda, yakalia. Na vyumba vyote vya safu yetu vilikuwa na watoto waliofungiwa ndani kwa sababu ya moshi wa machozi wa polisi, mimi nikiwa mmoja wao, jicho langu kwenye tundu la bati. Ungekatika katikati, ungetuangukia. Mwenye baa alijua. Alisema, "Fungua, mathe. Ama uvunjikie nyumba."

Kupitia ukuta nilisikia Mwalimu anaita. Aliita kwa utulivu, anaacha, anasikiliza, anaita tena. "Mama," akampazia Dani sauti, "nipe muda kidogo tu."

Dani alichukua spana. Alizungusha robo, akangoja. Robo tena. Nilimwona anaongea peke yake kwa Kijaluo, anataja jina la Mama. Mlingoti ulishuka polepole, ukalala njiani bila kumgusa mtu, na sauti ya Mwalimu ikaendelea kuita kwa muda, haiendi popote.

Pasta alimtoa Mwalimu kupitia nyuma ya kanisa, amemfunika koti lake. Mashine walichoma. Alifika Kitui salama, tulisikia baadaye, na hakurudi Nairobi tena, na simlaumu.

Kawangware hawakusikia kitu. Mama alikunywa chai, akamshukuru mke wa fundi, akatoka. Hakufika kwetu. Tulimpata mochari, Dani akimtambua kwa leso.

Watu walikuja kwa matanga. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo. Mama wa chapati alipika tangu asubuhi, akakataa kukaa chini. Mwenye baa alileta viti na turubai, akasimama akasema marehemu alikuwa dada yetu sote, na kwamba adui ametuingilia. Adui! Kisha akaja kumpa Dani mkono, na Dani akampa wake. Nilimchukia kwa huo mkono. Usiku ule nilimuuliza kwa nini, nikiwa na hasira ya mtoto isiyo na adabu. Akasema, "Nyathina, mwanangu, ni mimi nilifungua." Nikamwambia walimlazimisha. Akasema anajua. Akasema tena, "Lakini ni mimi nilifungua. Na kesho nitauzia nani omena?"

Na ni kweli, tuliendelea kukaa pale. Nilitumwa chapati kwa yule mama, nikapewa ya ziada, nikaila. Mabomba yakawa lango la baa. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutuomba msamaha, na sisi hatukuwahi kuudai. Tulisalimiana. Watu wanaimba siku hizi kwamba tumesonga mbele, na mimi huwa nauliza, kutoka wapi? Nilichopoteza sio mama peke yake. Nilipoteza kuamini mtu anayecheka na mimi. Akinichekea vizuri, mimi naanza kujiuliza atafungua lini.

Dani alifariki mwaka juzi. Walikuja wote, wazee sasa, mwenye baa kwa fimbo, mama wa chapati akishikwa mikono na wajukuu. Walimlilia kwa machozi ya kweli, nakubali yalikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye matanga, hakuna mwingine aliyebaki. Nikasimama mbele yao, nikasema vile inavyosemwa: asanteni sana kwa kusimama na sisi.